Mtoto wa Mama, Punda wa Baba



Katika nyumba zetu neno la lawama huja upesi kuliko neno la swali. Mtoto akipatwa na surua, na kadi yake ya kliniki ikatazamwa ikaonekana ina nafasi tupu, wa kwanza kuulizwa ni mama: "Ulikuwa wapi?" Huulizwa na muuguzi, huulizwa na mama mkwe, na mara nyingine huulizwa na mume mwenyewe, ambaye hata tarehe ya kuzaliwa ya mtoto huyo hana hakika nayo. Mwezi huu nataka tulipime swali hilo kwa utulivu, maana ndani yake mna jambo la haki na wajibu. Je, ni haki kumtwika mtu wajibu bila kumpa uwezo wa kuutimiza? Na tukikubali kumpa uwezo huo, tunampa kwa sababu gani: kwa ajili ya mtoto, au kwa ajili yake mwenyewe?

Tufungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Wengi twaikumbuka habari ya mwanamke Mshunami kwa ajili ya muujiza wa nabii Elisha, lakini twapita upesi juu ya mambo ya nyumbani yaliyotangulia muujiza. Mtoto alikwenda shambani kwa baba yake, kwa wavunaji. Huko akalia kwamba kichwa kinamwuma. Baba hakuacha mavuno. Alimwagiza mtumishi ampeleke kwa mama yake. Mtoto akakaa magotini pa mama mpaka adhuhuri, akafa. Mama akamlaza juu ya kitanda cha nabii, akafunga mlango, ndipo akamwomba mumewe mtumishi mmoja na punda mmoja, apate kwenda mbio kwa mtu wa Mungu. Mume akataka kujua kwa nini safari iwe leo, maana haikuwa mwezi mwandamo wala sabato.

Angalieni jinsi kazi zilivyogawanywa. Mtoto mgonjwa ni wa mama. Hilo halikuhitaji majadiliano. Lakini punda ni wa baba, na punda huombwa, na mwombaji hudaiwa sababu. Tena huyu hakuwa mwanamke mnyonge. Maandiko yanamtaja kuwa mtu mkuu katika mji wake, na ndiye aliyetoa shauri la kumjengea nabii chumba. Hata hivyo, siku ya shida alisimama pale pale anaposimama leo mke wa mkulima wa korosho. Wala hakumwambia mumewe kwamba mtoto amekufa. Alijibu kwa neno fupi la amani, punda akatandikwa, akaenda. Wahubiri huisifu imani iliyomo katika jibu lile, nami siwapingi. Ila naona pia akili ya mke anayejua kwamba akianza kueleza, saa zitapita.

Sasa tuje kwetu. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na chanjo za watoto hutolewa bila malipo. Mwanzoni zilipigwa vita kifua kikuu, kupooza, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Tangu hapo orodha imeongezeka: homa ya ini, rubela, na chanjo za kuzuia nimonia na kuhara kukali. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa maana ya surua katika kijiji kisichochanjwa. Mtoto huchanjwa akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Kwa mama aliyejifungulia zahanati hizo ni safari tano. Kwa aliyejifungulia nyumbani ni sita.

Lakini hesabu hiyo ni ya kwenye karatasi. Chupa ya chanjo ya surua haina dozi ya mtoto mmoja tu. Ina dozi za watoto kadhaa, na ikishachanganywa na maji yake, kilichobaki hakina budi kutupwa baada ya saa sita. Ya kifua kikuu ni vivyo hivyo. Kwa hiyo muuguzi aliyeletewa mtoto mmoja asubuhi husita kuifungua, humwambia mama arudi siku watakapokusanyika wengi. Muuguzi ana sababu yake, tena ni njema, asiharibu dawa ya watoto wengine. Mama naye amekwisha kulipa bodaboda, ameacha palizi, na jioni atasimama mbele ya mwenye nyumba aeleze kwa nini ameondoka asubuhi na amerudi na mtoto yule yule asiyechanjwa. Safari ya pili ataiombaje? Neno "bure" lina maana moja mezani pa daktari na maana nyingine jikoni.

Nauli hutoka wapi? Huku kusini kwetu fedha kubwa ya mwaka ni ya korosho. Korosho hupelekwa chama cha msingi, na malipo huingia kwa jina la aliyeandikishwa, ambaye mara nyingi ni mwanamume, hata kama aliyeokota, aliyekausha na aliyejaza magunia ni mkewe na watoto. Sheria haimzuii mwanamke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mke haki ya kuwa na mali yake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini kati ya kitabu cha sheria na daftari la chama pana njia ndefu. Hapa napenda kuwakumbusha sura ya 8 ya kitabu kile kile cha Wafalme, ambayo husomwa mara chache kanisani. Mshunami yule alirudi baada ya miaka saba ya njaa, akaenda mwenyewe mbele ya mfalme kudai nyumba yake na shamba lake, naye mfalme akaamuru arudishiwe vyote pamoja na mapato ya shamba tangu alipoondoka. Naona mwandishi hakuweka habari hiyo bure. Aliyewahi kuomba punda alijifunza umuhimu wa shamba.

Baadhi yenu mtaniambia: hayo ni ya makabila ya baba, sisi Wamakua, Wayao na Wamakonde twahesabu ukoo kwa mama. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Lakini tusijidanganye. Mtoto kuwa wa ukoo wa mama si sawa na mama kuwa na neno juu ya mtoto. Kwa desturi neno lilikuwa la mjomba. Mama wa kusini alikuwa na wanaume wawili wa kuwaeleza, mume aliyelala naye nyumba moja na kaka yake mwenye ukoo, na mmoja akikubali mwingine aliweza kukataa. Siku hizi wajomba wengi wamekwenda mijini na mamlaka yao yamepungua, lakini sioni kwamba yamemwendea mama. Yamebaki njiani tu, hayana mwenyewe.

Wapo wasemao kwamba dawa ya yote haya ni elimu: mweleze mama faida ya chanjo, naye ataleta mtoto. Nimefundisha maisha yangu yote, kwa hiyo sitaidharau elimu. Lakini ni vizuri kujua elimu hufanya nini hasa. Mwaka 1979 John Caldwell, mtaalamu wa mambo ya idadi ya watu kutoka Australia, aliandika juu ya akina mama wa Nigeria, watu wa kabila la Wayoruba. Aliona kwamba watoto wa akina mama waliosoma walikufa kwa uchache kuliko wa wale wasiosoma, na kwamba tofauti hiyo haikwisha hata alipotazama pia kazi ya baba na elimu yake. Angeweza kusema kwamba shuleni waliambiwa habari za vijidudu. Hakuishia hapo. Alionyesha kwamba shule ilibadili mahali pa mwanamke katika nyumba: alianza kuamua habari za mwanawe bila kumngoja mkwe, aliacha kuuona ugonjwa kuwa ajali isiyozuilika, na alipofika hospitali alisema akasikilizwa.

Mwalimu yeyote aliyefundisha wasichana atalitambua jambo hilo. Msichana wa darasa la saba husahau sehemu za ua na majina ya mito, lakini hasahau kwamba alisimama mbele ya watu arobaini akajibu swali, na dunia haikuanguka. Mwanamke wa namna hiyo akiambiwa "rudi wiki ijayo" huuliza siku gani na saa ngapi. Mwingine huinama akaondoka, hata kama anajua faida zote za chanjo kuliko jirani yake. Basi maarifa bila neno nyumbani na bila nauli mkononi huwa mzigo. Mama asiyejua hatari ya surua hulala usingizi. Anayejua na hana nauli hulala macho wazi.

Hapo ndipo wengi husimama, wakasema: vema, tumwezeshe mama, ili mtoto achanjwe. Mimi sitaki kusimama hapo, kwa kuwa neno hilo "ili" linanisumbua. Ukisema tuwasomeshe wasichana kwa sababu mama aliyesoma huwaponya watoto wake, umesema kweli, na ukimwambia hivyo mfadhili huenda akafungua mfuko. Lakini usimwambie msichana mwenyewe. Utakuwa umemwambia kwamba thamani yake ni ya daraja: watu wapite juu yake wafike ng'ambo. Na yule asiyejaliwa kuzaa je? Na mjane ambaye watoto wake wamekua? Hao hawana chanjo ya kupeleka, basi wanyimwe neno? Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alifundisha katika kitabu cha mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu, bila kuheshimiwa kuwa na thamani ndani yake mwenyewe. Sisi Wakristo hatukuwa na haja ya kumngoja Kant. Sura ya kwanza ya Mwanzo inasema wote wawili, mume na mke, waliumbwa kwa mfano wa Mungu, na hakuna mahali inaposema kwamba mfano huo huanza kuhesabiwa baada ya kuzaa.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Huonekana siku mama anapotumia uwezo wake vingine. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika katika jarida la Lancet makala iliyohusisha chanjo ya surua na ugonjwa wa usonji. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, naye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Lakini kabla ya hapo na hata baadaye, wazazi wengi wa Ulaya na Marekani walikataa kuchanja, na miongoni mwao walikuwamo akina mama waliosoma, wenye magari, wenye fedha zao benki. Punda hakukosekana, safari ndiyo iliyokataliwa. Surua ikarudi mahali ilipokuwa imesahauliwa.

Aliyempa mama uwezo "ili achanje" atafanya nini hapo? Atataka kumnyang'anya, maana chombo kimeharibika. Aliyempa kwa kuwa ni haki yake hana ruhusa ya kumnyang'anya, lakini ana mambo mawili ya kumwambia. La kwanza ni kwamba mtoto si mali ya mama, kama vile asivyo mali ya baba wala ya mjomba. Mtoto ni mtu, na kinga ni haki yake yeye. La pili ni habari ya jirani. Surua huambukiza mno, hata wataalamu husema yahitaji watoto wapatao 95 katika kila 100 wawe na kinga ndipo ugonjwa ukose njia. Mtoto wa miezi mitano hajafikia umri wa chanjo hiyo; kinga yake kubwa ni watoto wakubwa wanaomzunguka. Kwa hiyo anayemwacha wa kwake anaamua pia juu ya mtoto wa mwingine aliyebebwa mgongoni katika benchi lile lile la kanisa. Hayo mama mwenye uwezo aambiwe kama mtu mzima aambiwavyo, kwa hoja, naye ajibiwe anapouliza. Mwanamke akisema amesikia kwamba sindano inafunga kizazi, si haki kumcheka wala kumkemea. Ameleta swali, na kuleta swali ni mwanzo wa uwezo tunaoutaka.

Na sisi watu wa kanisa tuwe wapole katika kuhukumu, maana historia yetu ina mambo mawili. Mwaka 1717 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza katika nchi ya Waturuki, aliona jinsi vikongwe wa huko walivyowakinga watoto na ndui kwa kuchukua usaha kidogo wa mgonjwa na kuutia chini ya ngozi kwa sindano. Haikuwa chanjo tuijuayo leo, ile ya usaha wa ndui ya ng'ombe aliyoipima Jenner mwaka 1796. Ilikuwa na hatari, lakini hatari ndogo kuliko ndui yenyewe, iliyokuwa imemwua kaka yake na kumharibu yeye uso. Mwaka 1718, mumewe akiwa safarini, alimkinga mwanawe wa kiume, kisha akamwandikia mumewe kumpa habari. Mwaka 1721 alimkinga na binti yake mjini London. Na mwaka 1722 padri wa Kanisa letu la Uingereza, Edmund Massey, alipanda mimbari ya Mtakatifu Andrea, Holborn, akahubiri kwamba jambo hilo ni dhambi, akadai ya kuwa majipu ya Ayubu yalitokana na Shetani kumtia ugonjwa kwa njia kama hiyo hiyo. Mahubiri yalichapwa na watu wakayasoma. Lakini ndui ilikwisha duniani: mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba imetoweka. Wale vikongwe hakuna aliyeandika majina yao.

Nimesema mengi juu ya mama, na baba je? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inapotaja haki ya mtoto kupata matibabu, inataja na chanjo kwa jina, na wajibu huo inauweka juu ya mzazi au mlezi. Haikusema mama. Ni sisi tuliosoma "mzazi" tukatafsiri "mama". Hana alipoona ni vema abaki nyumbani mpaka mtoto Samweli aachishwe ziwa, mumewe Elkana hakumletea hukumu. Alimwambia afanye aonavyo kuwa vema, akamwombea Mungu alithibitishe neno lake. Huyo ni mume aliyebaki mume na hakupungukiwa na kitu.

Lakini tuangalie jinsi tunavyowaita akina baba. Katika baadhi ya zahanati mwanamke mjamzito anayefika peke yake kliniki ameambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji, aeleze kwa nini mwenzake hakuja. Nia ilikuwa njema, wanaume washiriki. Matokeo ni kwamba anayetegea ni mwanamume, na anayeadhibiwa ni mwanamke, na aliyeachwa na mume huadhibiwa mara mbili. Sasa ana mtu wa tatu wa kumweleza, naye ni mwenyekiti. Kama twataka kumwita baba, tumwite baba mwenyewe, tumwulize yeye, "Kadi ya mtoto iko wapi?"

Katika mtaa wetu nafasi ya kuuliza ipo, nayo ni darasa la ubatizo. Wazazi na wadhamini huja mbele ya padri kabla mtoto hajabatizwa. Naomba baba ndiye aulizwe tarehe za chanjo, kwa kinywa chake, asisaidiwe na mkewe. Hakuna haja ya kumnyima mtoto ubatizo kwa ajili ya jibu baya, Mungu apishe mbali. Aibu ndogo mbele ya wadhamini yatosha, na mdhamini atwae kazi ya kukumbusha tarehe inayofuata.

La pili ni nauli. Umoja wa Mama, ulioanzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876, mwaka ule ule Askofu Steere alipowaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, umekuwa ukichangia misiba na harusi za mtaa huu miaka yote. Napendekeza pawe na mfuko mdogo wa safari za kliniki, na korosho zitakapouzwa kila nyumba itoe kidogo, yatolewe na yule ambaye jina lake limo katika daftari la chama. Fedha zikae kwa Umoja wa Mama, si kwa mweka hazina wa halmashauri ya mtaa. Mama mwenye mtoto wa wiki 6 apewe nauli akionyesha kadi, na kadi yatosha, pasipo barua wala saini ya mwenye nyumba. Akirudishwa kwa sababu chupa haikufunguliwa, apewe tena. Muuguzi wa zahanati aombwe atujulishe siku za chanjo, tuzitangaze Jumapili pamoja na matangazo mengine, ili wafike wengi kwa pamoja na chupa ifunguliwe. Hesabu ya mfuko isomwe kila baada ya miezi mitatu kama hesabu nyingine zote za mtaa.